Maana ya Maua Yatolewayo Zawadi

Leo nataka kuwaeleza habari za maua ambayo watu hupeana kuwa zawadi, na jinsi maua hayo yanavyochukua ujumbe kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Huenda mtu akasema, "Mwalimu naye! Mahindi hayajapaliliwa, yeye atuletea habari za maua." Namwomba mtu huyo avumilie kidogo, maana jambo hili limekwisha kuingia nyumbani mwetu, na limeingia kabla hatujaulizana maana yake.

Tazameni hapa Bombambili, au mahali po pote katika mji wa Songea. Bwana arusi hutia ua katika koti lake, na bibi arusi hushika shada mkononi. Mwanafunzi amalizapo Kidato cha Nne hurudi nyumbani amevikwa mashada ya karatasi za kumetameta hata uso wake hauonekani vizuri. Katika maziko ya Kikristo, kaburi likiisha kufukiwa, huitwa watoto wa marehemu, kisha wajukuu, kisha majirani na waliofanya kazi naye, kila kundi liweke shada lake. Vijana nao, ifikapo tarehe 14 Februari, hutafuta ua jekundu, na asiyepata la kweli hununua la plastiki. Yote haya ni maneno yasemwayo bila sauti. Lakini je, yule apokeaye amesikia lile lile alilolisema mtoaji? Hapo ndipo penye shida, maana nimepata kuona uchumba ulioharibika na urafiki uliopoa kwa sababu ya zawadi iliyotolewa kwa nia moja ikapokelewa kwa nyingine.

Wanafunzi wangu chuoni huniuliza mara nyingi, "Mwalimu, ua jekundu maana yake ni nini? Na la manjano je?" Wengine wamekwisha kuona katika simu zao orodha ndefu, kila ua na maana yake, kana kwamba ni kamusi. Mimi huwajibu kwamba ua likiwa mtini halina ujumbe wo wote kwa binadamu. Rangi yake na harufu yake ni mwito kwa nyuki na vipepeo, waje wachukue chavua ili mmea upate kuzaa. Maana tuijuayo sisi ni mapatano ya watu, nayo hubadilika uvukapo mpaka. Angalieni neno lenyewe. Nikitamka "ua" peke yake, hamwezi kujua kama nasema habari za ua la mwaridi, au ua wa nyumba uliozungushiwa miti, au namwamuru mtu amwue nyoka. Nikisema "maua" au "nyua" mtatambua, na nikipiga kelele "ua nyoka huyo!" mtatambua upesi zaidi. Ndivyo ilivyo kwa ua lenyewe: maana yake hujulikana kwa mahali lilipo, kwa siku ya kutolewa, na kwa mkono unaolitoa.

Kwetu huku bara, katika nyumba nyingi, zawadi ilikuwa kitu cha kuliwa au cha kuvaliwa. Msiba ukitokea watu huja na unga, maharage, kuni, na fedha ya rambirambi. Mtoto akizaliwa huja kuku na khanga. Ua lijulikanalo zaidi na mama zetu ni ua la boga, nalo hupikwa pamoja na majani yake likaliwa na ugali. Sisemi hivyo kwa kudharau. Debe la unga lililoletwa siku ya msiba halihitaji mfasiri.

Lakini tukishuka pwani, kwa watu wa Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu, twakuta lugha ya maua iliyo kamili tangu zamani, na jambo la kuangaliwa sana ni kwamba lugha hiyo husema kwa harufu zaidi kuliko kwa rangi.

Ua lao kuu ni asumini. Ninyi wa Songea ambao hamjaiona, kumbukeni shamba la kahawa la Umatengo mvua zikiisha kuanza: yale maua meupe madogo yanayofunika tawi zima, yenye harufu tamu ifikayo hata barabarani. Asumini hufanana nayo kwa weupe na kwa utamu wa harufu. Huchumwa alasiri zikiwa bado matumba, yaani maua yasiyofunguka, maana asumini hufunguka jua likichwa na kutoa harufu yake usiku. Wanawake huzitunga katika uzi kwa sindano. Zikitungwa ndefu za kuvikwa shingoni, pambo hilo huitwa koja. Tena kuna kikuba, nacho ni kishada kidogo ambamo asumini hufungwa pamoja na maua na majani mengine yenye harufu, kama waridi, kilua, mkadi na rehani, mwanamke akakibana kifuani au katika nywele. Usiku wa arusi, maua kama hayo hutandazwa juu ya kitanda cha maarusi.

Sasa sikilizeni mapatano yake. Kikuba aghalabu ni pambo la mwanamke aliyeolewa, naye hukivaa jioni kwa ajili ya mumewe. Kwa hiyo mume arudipo nyumbani na fungu la asumini katika jani, hana haja ya kusema maneno mengi. Mkewe amekwisha kusikia. Na mke avaapo kikuba jioni ile, naye amejibu. Watu wawili wamezungumza, na watoto waliokaa barazani hawakusikia lo lote. Lakini mwanamume mwingine akimpelekea mke wa mtu asumini zile zile, za mti ule ule, ametafuta ugomvi. Ua halikubadilika, mkono ndio uliobadilika.

Tena asumini zina tabia moja ipasayo kufikiriwa. Zikichumwa leo, kesho asubuhi zimegeuka rangi na kunyauka. Haziwekwi akiba, wala haziwezi kupelekwa safari ya mbali. Mtu akikupa asumini, ujue kwamba leo hii alikuwa karibu nawe, na leo hii alikukumbuka. Naona hilo ni neno kubwa kuliko maneno mengi yaandikwayo katika kadi.

Rehani nayo ina heshima yake. Katika hadithi za Mtume Muhammad imepokewa kwamba mtu akipewa rehani asiikatae, kwa kuwa ni nyepesi kuchukuliwa na harufu yake ni njema. Msomaji wa dini yo yote aweza kuona busara iliyomo: zawadi ya namna hii haimlemei apokeaye, wala haimtii deni.

Watu wa pwani wamewapa hata binti zao majina hayo, Asumini, na Waridi, na Maua lenyewe. Katika mashairi, mtunzi asemapo ua, mara nyingi amsema mwanamke, na akilia kwamba ua lake limechumwa na mwingine, wasikilizaji wote wamekwisha kuelewa kwamba binti ameolewa. Na kwa kuwa tumefika Zanzibar, tusisahau karafuu. Wengi hudhani ni mbegu au tunda, kumbe ni ua: ni tumba lililochumwa kabla ya kufunguka, likaanikwa juani hata likawa jeusi. Likiachwa mtini likafunguka, thamani yake imepotea. Picha yake imo katika Nembo ya Taifa letu pamoja na pamba, ingawa wachache huitambua. Karafuu tutaikuta tena katika mazungumzo haya, mahali ambapo hamtazamii.

Twende sasa Kilimanjaro, maana huko kuna zawadi ya mmea ambayo kwa nguvu ya ujumbe wake naiweka juu ya maua yote niliyoyataja. Si ua, ni jani. Mmea wake huitwa isale, na wengi husema masale. Una majani marefu ya kijani, nao Wachaga huupanda kuwa alama ya mpaka wa kihamba. Mtu akimkosea mwenzake kosa zito, naye akataka kutubu, huchukua jani la isale, akalifunga fundo, akalipeleka kwa yule aliyekosewa, au akalituma kwa mkono wa mtu wa kuwapatanisha. Aliyeletewa isale yampasa asikilize. Kulikataa ni jambo zito sana, na watu waweza kugeuka wakamwona yeye kuwa ndiye mwenye kosa.

Fikirini jinsi jani hilo lilivyo rahisi. Lipo ukingoni mwa kihamba, halinunuliwi, halina harufu ya kusifiwa, wala halifungwi kwa utepe. Nguvu yake yote imo katika kwamba mtoaji na mpokeaji wanajua kwa hakika linasema nini. Hakuna aliyeletewa isale akauliza bei yake. Mtu wa Songea akiletewa jani hilo hilo asiyejua desturi, huenda akamtupia mbuzi.

Wazungu nao walipata kuwa na lugha yao ya maua, na asili yake ilitoka mashariki. Mwaka 1718 bibi mmoja wa Kiingereza, Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza katika Uturuki, aliandika barua kwao kueleza kwamba Waturuki huweza kupelekeana habari za mapenzi, hata za ugomvi, bila kugusa wino. Aliorodhesha vitu vilivyotiwa ndani ya kifuko: lulu, waridi, kipande cha makaa, unyasi, pilipili, na pamoja na hivyo karafuu. Kila kitu kilikuwa na ubeti wake, na ubeti ulishikamana na jina la kitu kile kwa kina. Ninyi mpendao mashairi mtaona mara moja jinsi jambo hilo lilivyowezekana: ukisikia jina la kitu, kina chake chakukumbusha ubeti, na ubeti ndio ujumbe. Basi siri haikuwa katika karafuu, ilikuwa katika lugha ya Kituruki. Barua hizo zilipigwa chapa mwaka 1763, mwaka mmoja baada ya bibi huyo kufariki, na Wazungu wengi waliozisoma walishika habari ya maua wakaiacha ile ya vina.

Mwaka 1819 kikatoka Paris kitabu cha lugha ya maua, kilichoandikwa kwa jina la Charlotte de Latour, na baada yake vikaja vingine vingi katika Ufaransa, Uingereza na Marekani. Kila mwandishi akajipangia maana apendavyo. Vitabu havikupatana. Waridi la manjano lilipata kuwa alama ya wivu, au ya mapenzi yanayopungua. Leo katika nchi hizo hizo wengi hulitoa kwa furaha kuwa alama ya urafiki. Msichana wa zamani angelia kwa kuletewa ua ambalo mjukuu wake angelicheka kwa kulipokea. Orodha zilizomo katika simu za wanafunzi wangu ni watoto wa vitabu hivyo, nazo zimerithi ugomvi wa wazazi wao.

Nitataja mitego michache tu, kwa faida ya wale watakaosafiri. Wengi wenu mnalijua ua la pareto, lile jeupe lenye kitovu cha manjano, lilimwalo Njombe na Mbeya kwa ajili ya dawa ya wadudu. Lina ndugu aitwaye krisanthemamu, mwenye petali nyingi na rangi nyingi. Katika Ufaransa ua hilo huwekwa makaburini tarehe 1 Novemba, kwa hiyo ukialikwa chakula usimpelekee mama mwenye nyumba. Katika Japani, krisanthemamu nyeupe ni ua la maziko, na hata hivyo krisanthemamu yenye petali 16 ndiyo alama ya Mfalme wa nchi ile. Huko Urusi, maua apewayo mtu aliye hai huhesabiwa yawe witiri, matatu au matano au saba. Yaliyo shufwa ni ya wafu. Nao Wajapani hawampelekei mgonjwa hospitalini mmea uliopandwa chunguni, kwa sababu neno lao la kushika mizizi lasikika kama neno la kulala kitandani kwa ugonjwa bila kuinuka. Hapo tena, kama kwa Waturuki, maana imezaliwa na sauti ya maneno.

Na hapa niseme kidogo juu ya mmea wa chunguni, kwa kuwa mmoja ulio mashuhuri ni wa kwetu. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya katika upande wa Tanga, aliona katika nchi ya Usambara mmea mdogo wenye maua ya rangi ya zambarau na majani yenye manyoya laini, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland aliupa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo huo. Leo mmea huo huuzwa madirishani kote Ulaya na Marekani, na watu huununua kumpa mama au rafiki. Wachache wa wapokeaji hao wajua kwamba asili yake ni mwamba wenye kivuli katika misitu ya Tanganyika ya zamani, na wachache wetu tumepata kuupanda.

Ikiwa mnataka kujua jinsi maana njema inavyoweza kuibiwa, sikilizeni habari za Bibi Anna Jarvis wa Marekani. Mama yake alifariki mwaka 1905. Tarehe 10 Mei 1908, katika kuadhimisha siku ya akina mama, Bibi Anna alipeleka maua meupe 500 ya aina iitwayo karnesheni katika kanisa la mji wa Grafton, yagawiwe watu. Alilichagua ua hilo kwa sababu lilipendwa na mama yake, na kwa sababu petali zake hazianguki chini linapokufa, bali hujikunja na kushikamana, naye akaona kuwa ndivyo mama anavyowakumbatia wanawe. Mwaka 1914 Rais Woodrow Wilson aliitangaza Siku ya Mama kuwa siku ya taifa zima. Basi wauza maua wakafurahi mno. Bei ya karnesheni nyeupe ikapanda kila mwezi wa Mei. Ndipo ikaenea desturi kwamba aliyefiwa na mama avae jeupe, na ambaye mama yake yu hai avae la rangi, na kwa njia hiyo yakauzwa ya kila namna. Bibi Anna aliona kwamba watu sasa wanalipa fedha badala ya kumwandikia mama zao barua, akatumia nguvu zake na mali yake yote kupigana na biashara hiyo aliyoizaa mwenyewe. Hakushinda. Alifariki mwaka 1948 katika nyumba ya wagonjwa, hana mali.

Habari hiyo yatugusa sisi Waafrika wa Mashariki, kwa sababu siku hizi sisi ndio walimaji. Kenya ni miongoni mwa nchi zipelekazo mawaridi kwa wingi kabisa Ulaya; mengi hulimwa kandokando ya Ziwa Naivasha, na katika nchi yetu yako mashamba ya maua upande wa Arusha. Waridi hukatwa kabla halijafunguka, hutiwa katika chumba cha baridi, huchukuliwa kwa gari hata uwanja wa ndege, na baada ya siku chache liko mkononi mwa mtu wa London au Amsterdam. Kazi huwa nyingi kupita kiasi kabla ya tarehe 14 Februari. Kwa yule anayelikata, waridi jekundu ni mshahara, ni ada ya shule, na ni mgongo unaouma. Nayo ni maana, ingawa haimo katika orodha yo yote.

Juu ya waridi jekundu hilo nina neno kwa vijana, wala sitalificha kwa kuwa mimi ni mwalimu wa walimu, na wengi wao watakwenda kufundisha mabinti. Mapatano yaliyoenea duniani leo ni kwamba waridi jekundu lasema mapenzi. Haya, na liseme. Lakini kusema si kujibiwa. Binti aliyepokea ua mbele ya wenzake, kwa haya au kwa adabu, hajatia sahihi hati yo yote. Nimesikia kijana akidai, "Alipokea ua langu, mbona sasa ananikataa?" Kijana huyo amechanganya ua na mahari. Mahari hupelekwa kwa wazee, huhesabiwa, na kuna mashahidi. Ua ni neno la mtu mmoja linalongoja neno la mwingine. Na mwanamume mtu mzima ampaye mwanafunzi ua akimwambia asiwaonyeshe wazazi, huyo amekwisha kutuambia maana yake sisi sote; binti na alipeleke moja kwa moja kwa mama yake.

Sasa nije kwa wafu, maana huko ndiko sisi wa Songea tunakotumia maua kwa wingi zaidi.

Waingereza wana ua jekundu dogo liitwalo popi, ambalo huvaa kifuani kila ifikapo tarehe 11 Novemba, kukumbuka askari waliokufa vitani. Popi ilimea yenyewe katika mashamba ya Ubelgiji yaliyochimbuliwa na mizinga katika Vita Kuu ya kwanza. Daktari wa jeshi kutoka Kanada, John McCrae, aliitaja katika shairi la mwaka 1915, na tangu mwaka 1921 popi za kutengenezwa zikauzwa Uingereza kuwasaidia askari waliorudi. Mwaka 1933 wanawake wa chama kimoja cha ushirika wakatoa popi nyeupe, wakisema kwamba wao wawakumbuka wafu wote na hawataki vita tena. Basi ikawa ua moja lenye rangi mbili, na watu wa nchi moja wakabishana kwa vifua vyao.

Sisi tuna namna yetu. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Rais wa Tanzania huweka mkuki na ngao penye mnara, na kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua. Naupenda mpango huo. Shujaa apewa na watu wake silaha aliyoijua, na mgeni aleta ua, kila mmoja kwa lugha ya kwao, wala hapana anayemcheka mwenzake.

Juu ya maua ya plastiki makaburini, maoni yangu ni kwamba hayafai. Watu huyasifu kwa kuwa hayanyauki. Lakini kunyauka kwa ua la kweli humwita mtu arudi. Akirudi kulibadilisha, amerudi kwa marehemu wake. La plastiki lasema, "Nimekwisha kuja." Kisha upepo huja ukalichukua, likaonekana limenasa katika mahindi ya jirani.

Hapa mjini Songea, mahali pa Mahenge, lipo kaburi ambalo kila mtoto wa shule amepata kuambiwa habari zake. Tarehe 27 Februari 1906, wakati wa Vita vya Majimaji, Wajerumani waliwanyonga mashujaa zaidi ya 60, pamoja na Nkosi Mputa Gama, wakazikwa katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji wetu una jina lake, alinyongwa mwaka huo huo akazikwa mahali pake peke yake, na husimuliwa kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Pale sasa ipo Makumbusho ya Majimaji.

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Bwana Frank-Walter Steinmeier, alifika mahali pale. Alikutana na watu wa ukoo wa Nduna Songea, akaweka maua, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea wazee wetu. Angalieni tarehe hiyo. Kwa Wakristo wengi wa Ujerumani, siku ya Watakatifu Wote ndiyo siku ya kwenda makaburini na maua na taa, kama Wakatoliki wa Peramiho wanavyokwenda tarehe 2. Kwa hiyo Rais yule alisema kwa lugha ya kwao, naye hakuliacha ua liseme peke yake. Alilifuatanisha na maneno yaliyofasiriwa, kila mtu akasikia. Kwa maoni yangu hapo alifanya vema. Ua lisilo na maneno, juu ya kaburi lile, lingeweza kuwa salamu tu ya mgeni apitaye.

Lakini mzee mmoja wa Bombambili, jirani yangu, aliyepata kufanya kazi Moshi miaka mingi, aliniambia jioni ile, "Mwalimu, lile lilikuwa isale." Nikamwuliza, je, basi shauri limekwisha? Akasema, "Isale halimalizi shauri. Isale hufungua mlango, watu wakaketi." Na katika kuketi huko, ukoo wa Nduna Songea una neno moja waliloliomba kabla ya maua yale na wanaloliomba baada yake: fuvu la mzee wao litafutwe, lirudishwe, lizikwe pamoja na mwili wake.

Kila mwaka ifikapo tarehe 27 Februari, watu huenda Mahenge kuwakumbuka waliolala pale. Mwanafunzi mmoja wa jirani aliniuliza achume ua gani la kupeleka, maana kwao hawana mwaridi. Nilimwambia achume lo lote lililochanua nyumbani kwao, ila kwanza ajifunze jina la mmoja wa wale walionyongwa, ajue ampelekea nani. Asubuhi alikuja na ua la boga, limelowa mvua, akalitaja jina la Nkosi Mputa. Nilimwambia twende.